Dakika 67: kisa cha Jordan McNair na maandalizi ya shule kabla mchezaji hajaanguka

Jumanne ya tarehe 29 Mei 2018, saa 10 na robo jioni, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Maryland iliingia uwanjani kwa mazoezi yake ya kwanza ya pamoja baada ya mapumziko ya wiki kadhaa. Joto halikuwa la kutisha, yapata nyuzi 27 za Selsiasi. Baada ya kupasha mwili, wachezaji walipewa mbio 10 za kasi, kila moja yadi 110, yaani mita 100 hivi. Miongoni mwao alikuwamo Jordan McNair, kijana wa miaka 19, mchezaji wa safu ya mbele, mwenye urefu wa mita 1.93 na uzito wa kilo 147.

Ilipokaribia saa 11 kasoro dakika saba, misuli yake ilianza kukaza. Mbio za mwisho, kwa simulizi za wachezaji, alizimaliza akiwa ameshikiliwa na wenzake huku na huku. Zilipita dakika 34 tangu dalili zianze hadi alipotolewa uwanjani. Zilipita dakika 67 hadi simu ya dharura ilipopigwa. Zilipita dakika 99 hadi gari la wagonjwa lilipoondoka naye. Alipofika hospitali joto la mwili wake lilikuwa limepita nyuzi 41. Alipandikizwa ini kwa dharura, na tarehe 13 Juni akafariki.

Hesabu hizo za dakika zimo katika ripoti ya Rod Walters, mtaalamu wa afya ya wanamichezo ambaye kampuni yake ilipewa na chuo kazi ya kuchunguza, na ripoti ikawekwa hadharani tarehe 21 Septemba 2018. Nimechagua kisa hiki, ingawa ni cha chuo kikuu na si cha shule, kwa sababu moja tu. Chuo kile kilikuwa na madaktari, wahudumu wa afya walioajiriwa kwa ajili ya wachezaji, barafu na maji ya kutosha, na mpango wa dharura. Fedha hazikuwa tatizo. Kwa hiyo hatuwezi kujificha nyuma ya umaskini wa vifaa. Kilichokosekana pale kinaweza kukosekana kwenye kiwanja chochote cha shule, na kinaweza pia kupatikana kwenye kiwanja chochote cha shule.

Joto linavyoua, na linavyozuilika

Kiharusi cha joto kinachotokana na mazoezi si uchovu uliozidi kidogo. Misuli inayofanya kazi kwa nguvu huzalisha joto, na mwili hulitoa kwa jasho na kwa damu inayopita karibu na ngozi. Joto likizalishwa kwa kasi kuliko linavyotoka, mwili huchemka kwa ndani. Likipita nyuzi 40 ubongo huvurugika, halafu ini, figo na moyo huanza kuumia. Mwenye umbo kubwa huwa taabani zaidi, kwa kuwa ana misuli mingi ya kuzalisha joto huku ngozi ya kulitoa ikiwa haitoshi. Na siku za mwanzo baada ya likizo ndizo mbaya kuliko zote. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea tena mazoezi ya joto, na kuna makocha ambao siku ya kwanza kabisa ndiyo wanayoitumia kupima nani alilala tu likizo nzima.

Hapo ndipo ninapoumia. Dalili za awali za hali hii zinafanana mno na zile za mtu ambaye hana nidhamu. Anabaki nyuma ya wenzake. Anajibu kwa ukali, au hajibu kabisa. Anayumba, anakaa chini bila ruhusa, anasema maneno yasiyoeleweka. Kocha aliyezoea kusikia visingizio ataona kisingizio. Kwa hiyo mafunzo ya kwanza ya mwalimu wa michezo yangekuwa kubadili macho yake: mwanafunzi ambaye kwa kawaida anajituma, leo amebadilika tabia katikati ya mazoezi, huyo ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kinachookoa maisha ni muda na maji. Joto la ndani likishushwa chini ya nyuzi 40 katika nusu saa hivi ya mwanzo, karibu kila mtu hupona. Katika mbio za Falmouth, jimbo la Massachusetts, ambazo hukimbiwa kila Agosti, watafiti walipitia kumbukumbu za miaka 18 na kukuta wakimbiaji 274 waliopatwa na kiharusi cha joto. Walitibiwa kwa kuzamishwa kwenye maji baridi pale pale, karibu na mstari wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Wagonjwa 274, vifo sifuri. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii husisitiza kwamba mgonjwa apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Ambulansi inaitwa mara moja, lakini mgonjwa haachwi akisubiri kwenye nyasi huku akiungua kwa ndani.

Hofu ya beseni

McNair hakuzamishwa kwenye maji baridi. Joto lake la ndani halikupimwa. Walters alieleza sababu ya kutomzamisha ambayo nimeirudia kuisoma mara nyingi: wahudumu walihofia kwamba, kwa ukubwa wa mwili wake na udogo wa miili yao, angeweza kuzama.

Tusiipuuze hofu hiyo. Hebu jiweke pale. Mbele yako yuko kijana wa kilo 147 aliyelegea, akili haiko sawa, pengine anarusha mikono. Beseni limejaa maji na barafu. Ukimwingiza na kichwa kikateleza, utamshika kwa nguvu gani? Mtu mwenye nia njema kabisa, akikutana na swali hilo kwa mara ya kwanza siku ile ile ya balaa, anaweza kabisa kuamua kutomwingiza majini. Na uamuzi huo ukawa ndio hukumu.

Lakini swali lenyewe lina jibu, na jibu ni rahisi kiasi cha kuliza. Chukua shuka au taulo refu. Lipitishe kifuani mwa mgonjwa, chini ya makwapa yote mawili. Mtu mmoja asimame nyuma ya kichwa chake akiwa ameshika ncha zote mbili na kuzivuta juu. Mgonjwa hata akilegea kabisa, kichwa kinabaki juu ya maji. Wengine wanne wanamwinua na kumshusha, mmoja anakoroga maji ili yale yaliyopashwa na ngozi yasibaki palepale. Ni hivyo tu.

Shule isiyo na beseni kubwa itumie turubai. Mgonjwa analazwa katikati, watu sita au wanane wanashika kingo na kuziinua mpaka turubai linakuwa kama mtumbwi, maji na barafu vinamiminwa, na wote wanalitikisa taratibu. Barafu isipokuwepo, maji baridi kwa wingi mwili mzima, bila kukatisha, ni afadhali mara nyingi kuliko kitambaa kilicholowa kwenye paji la uso.

Sasa lililo muhimu zaidi: hili lifanyiwe mazoezi kabla msimu haujaanza, na achaguliwe mchezaji mzito kuliko wote, akikubali, awe ndiye mgonjwa wa majaribio. Kumzamisha mwenye kilo 50 hakutakufundisha chochote. Mkiweza kumwinua yule mkubwa, mkaona wapi mkono unateleza na nani amesimama mahali pasipofaa, basi hofu iliyowakwamisha wale wahudumu haitawakuta siku ya siku. Zoezi zima halizidi nusu saa. Sioni kwa nini kocha anayetumia wiki nzima kufundisha namna ya kupiga kona akose nusu saa ya kufundisha namna ya kuokoa maisha ya anayepiga kona hiyo.

Kuhusu kupima joto, kipimo kinachoaminika katika hali hii ni kile cha njia ya haja kubwa. Vya kwapani na vya kwenye paji la uso vinadanganya, maana ngozi inaweza kuwa imepoa kwa jasho wakati ndani kunachemka. Shule nyingi hazina mtu mwenye ujuzi na idhini ya kupima hivyo, na si lazima wasubiri awepo. Mwanafunzi aliyekuwa akifanya mazoezi makali, akaanguka au akachanganyikiwa, apozwe.

Nani ana ruhusa ya kupiga simu?

Narudi kwenye zile dakika 67. Ripoti ilisema dalili zilizokuwa zikizidi kuwa mbaya hazikutambuliwa ipasavyo, na kwamba mpango wa dharura haukufuatwa inavyotakiwa. Uwanjani palikuwa na watu wazima wengi, na kwa maoni yangu wingi huo ni hatari yake. Kila mmoja anamtazama aliye juu yake. Mhudumu mdogo anamsubiri mkuu wake, mkuu anasubiri aone kama kijana atatulia, kocha anaamini watu wa afya wanajua wanachofanya. Hakuna aliyekataa kupiga simu. Hakuna tu aliyejua kwamba simu hiyo ni yake.

Shuleni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ya heshima na woga wa ofisi. Mwalimu kijana atataka kwanza kumjulisha mkuu wa shule. Mkuu yuko kikaoni. Nahodha wa timu, ambaye ndiye aliyeona mwenzake akiyumba, ni mtoto, na mtoto hatoi amri kwa watu wazima. Kanuni itakayofumua mafundo yote hayo lazima iandikwe na kusomwa mbele ya wanafunzi wenyewe: yeyote aliyeko uwanjani, akiwemo mwanafunzi, anaruhusiwa kusimamisha mazoezi na kuita msaada, na hataadhibiwa hata ikija kugundulika kwamba hapakuwa na hatari. Mkuu wa shule aisome yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Isiposomwa na yeye, haitaaminika.

Simu nayo ina namna yake. Anayeipiga hutaja kwanza mahali na lango la kuingilia, kisha kilichotokea, kisha hali ya mgonjwa, na hakati mpaka aambiwe. Mtu wa pili anakimbilia langoni kuipokea ambulansi. Wa tatu anawaondoa wanafunzi wengine. Wa nne anaandika saa na kila kinachofanyika, hata kwenye kiganja cha mkono. Na lango lenyewe, ufunguo anao nani saa 11 jioni? Mpango wa dharura ulioandikwa vizuri sana unaweza kufia kwenye kufuli. Nendeni mkajaribu kufuli.

Haya hayahusu joto peke yake. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika bila kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na mashine ya kushtua moyo iliyofungiwa kwenye ofisi ya mhasibu ni sawa na kutokuwepo. Timu ikiwa safarini, orodha ya walioko ndani ya basi iwe mikononi mwa mtu aliyebaki shuleni. Majira hayo hayo ya mwaka 2018, tarehe 6 Aprili, basi la timu ya vijana ya mpira wa magongo wa barafuni ya Humboldt Broncos liligongana na lori huko Saskatchewan, Kanada, na watu 16 wakafa. Wachezaji walikuwa wamepaka nywele rangi moja ya dhahabu kwa ajili ya mashindano. Katika mkanganyiko uliofuata, familia moja iliambiwa mwanao amekufa kumbe yu hai, na nyingine ikakaa kando ya kitanda cha kijana ambaye hakuwa wao. Shule isipeleke jina la mtoto kwa mzazi kabla ya uhakika, na isiliachie jina hilo litangulie kwenye simu za wanafunzi.

Miezi miwili ya ukimya

Msiba hauishii hospitali. Ni haki kusema kwamba chuo cha Maryland kiliagiza uchunguzi wa nje mapema, mwezi ule ule wa Juni. Lakini maneno ambayo familia ilistahili kuyasikia yalikuja tarehe 14 Agosti, miezi miwili baada ya mazishi, na siku nne baada ya chombo cha habari cha ESPN kuandika juu ya mwenendo wa timu. Siku hiyo rais wa chuo, Wallace Loh, alikwenda kuwaona wazazi ana kwa ana, akaomba radhi, kisha mbele ya waandishi akasema chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili kwa makosa ya wahudumu wake.

Alifanya jambo gumu, na viongozi wengi hawalifanyi. Kwangu dosari iko kwenye tarehe. Shule inayojiandaa vizuri huamua mapema nani atakwenda nyumbani kwa mzazi, atakwenda na nani, na atasema nini siku ambayo ukweli wote haujajulikana. Inawezekana kabisa kusema: "Mtoto wenu alikuwa mikononi mwetu. Tunachunguza kila kitu, na tutakachokijua mtakijua ninyi kwanza." Sentensi kama hiyo haihitaji kungoja ripoti.

Yaliyofuata yaliwachosha walio hai. Tume ya pili ilichunguza mwenendo wa timu nzima, na mwishoni mwa Oktoba ikaeleza kwamba matatizo yaliachwa yakaota mizizi kwa kuwa wachezaji wengi waliogopa kusema. Kocha mkuu, DJ Durkin, aliyekuwa amesimamishwa tangu Agosti, alirudishwa kazini tarehe 30 Oktoba kwa pendekezo la bodi inayosimamia vyuo. Baadhi ya wachezaji waliinuka na kutoka nje ya kikao. Kesho yake, tarehe 31, Loh alimfukuza, na siku iliyofuata mwenyekiti wa bodi akajiuzulu. Siku tatu za vurugu, na katikati yake vijana waliomzika mwenzao wakiwa bado na mechi ya kucheza mwisho wa wiki. Katika saa zile kila mkubwa alikuwa akipima madaraka yake. Vijana walipaswa kuulizwa kabla ya uamuzi, si kuonyeshwa matokeo yake.

Vijana wenyewe walijua la kufanya. Tarehe 1 Septemba, kwenye mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Texas, Maryland walipanga safu yao kwa mchezo wa kwanza wa kushambulia wakiwa watu 10 badala ya 11. Nafasi ya McNair, aliyevaa jezi namba 79, iliachwa tupu. Wakasimama. Saa ikahesabu mpaka ikaisha, mwamuzi akarusha kitambaa cha adhabu kwa kuchelewesha mchezo. Texas wakaikataa adhabu hiyo, hata yadi moja hawakuichukua. Kisha mchezaji wa 11 akaingia na mpira ukaanza. Maryland walishinda 34 kwa 29.

Kila ninapofikiria namna ya kuwasaidia wanafunzi waliofiwa na mwenzao wa timu, narudi kwenye sekunde zile. Washauri nasaha wanahitajika, na wawe wametafutwa kabla ya msiba, namba zao zikiwa ofisini. Kuna watoto watakaoonekana wazima kwa wiki nzima halafu waanguke siku ya kwanza ya kurudi kwenye kiwanja kile kile, na kuna wale waliokuwa wamemshikilia mkono, ambao watajiuliza miaka mingi kwa nini hawakupiga kelele. Hao wa mwisho watafutwe mmoja mmoja, wasingojwe waje. Lakini timu nayo ina lugha yake ya kuomboleza, jezi, namba, nafasi iliyo wazi, na kazi ya mwalimu ni kuwapa ruhusa ya kuitumia, na kuhakikisha familia imeulizwa kwanza.

Vilivyobaki

Mwaka 2021 chuo kilifikia makubaliano na wazazi ya kuwalipa dola milioni 3.5. Mwaka huo huo jimbo la Maryland likapitisha sheria yenye jina la Jordan McNair, inayovitaka vyuo viwe na taratibu za kuzuia na kutibu madhara ya joto kwa wanamichezo. Mwaka 2022 ikafuata sheria nyingine, safari hii kwa shule za kati na sekondari, yenye jina la mwanafunzi wa sekondari aliyefariki baada ya kuumia katika mechi. Hiyo inataka mpango wa dharura wa kila kiwanja, siyo mmoja wa shule nzima uliofungiwa kabatini. Sifa yake kubwa iko hapo, maana kiwanja cha nyuma ya mabweni na uwanja wa mashindano havina lango moja, wala maji yake hayatoki kwenye bomba moja.

Wazazi wake, Marty McNair na Tonya Wilson, walianzisha taasisi kwa jina la mtoto wao. Wamezunguka wakizungumza na wazazi, makocha na wanafunzi juu ya dalili za kiharusi cha joto, wakitaja saa na dakika za jioni ile. Kati ya vitu ambavyo taasisi hiyo imezigawia shule ni mabeseni ya kupozea wachezaji.